Kilima cha Machungwa

Mkono wa kulia wa baba yangu ulianza kutetemeka akiwa bado kazini, katika kiwanda kimoja cha sabuni huko Industrial Area, na kabla sisi hatujajua kwamba ni ugonjwa, mtaa ulikuwa umeshaamua kwamba ni pombe. Tulikaa mtaa wa Mowlem, vyumba viwili kwenye ploti yenye mfereji mmoja wa maji uani, na katika ploti kama ile jirani hujua umepika nini kabla hujaepua. Vijana waliokuwa wakikaa kwenye mawe nje ya lango walimwona akipita, ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, wakasema bila hata kupunguza sauti, "Cheki buda, leo amelewa mapema." Baba yangu alikuwa mtu wa kanisa, sauti ya besi kwenye kwaya, na pombe alikuwa haijui hata harufu. Vijana wale siku hizi wana wajukuu na mimi bado sijawasamehe.

Msimamizi wake naye aliona kama vijana walivyoona. Baba akaachishwa kazi. Tulizunguka hospitali mbili tatu hadi daktari mmoja alipotukalisha chini akatueleza kwamba ndani ya ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini, ndiyo inayouwezesha mwili kwenda na kutulia mwenyewe anavyotaka, na kwamba ya baba ilikuwa inapungua polepole. Dawa ipo, akasema, itamtuliza kidogo, haitamponya. Baba alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kama kuna kipimo cha kuonyesha imebaki kiasi gani. Daktari akasema hakuna. Njia nzima hadi nyumbani baba alikuwa akilirudia hilo. "Hata kupimwa, sipimiki," alisema, na mama akamwambia anyamaze, watu wanasikia.

Wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya pili ya kemia katika chuo kikuu mjini. Ilikuwa miaka ya katikati ya tisini, chuo kinafungwa na kufunguliwa kama duka la mtu mgonjwa. Mwalimu wangu alikuwa na mada kadhaa za kugawa. Alipotamka kwamba moja ni kutengeneza elektrodi za kutambua dopamini, niliidaka kabla mwenzangu hajafungua mdomo. Sikutumia busara yoyote. Nilikuwa mtoto wa mtu anayetetemeka, nimesikia jina la kitu kilichomtoroka.

Kazi yenyewe, nikiieleza kama nilivyoieleza nyumbani, ni hii. Elektrodi ni kijiti kidogo chenye ncha ya kaboni. Unakichovya kwenye maji yenye kemikali unayoitafuta, unapitisha umeme mdogo, unauongeza taratibu. Umeme ukifika kiwango ambacho kemikali ile haiwezi kukistahimili, kemikali inaachia elektroni zake, na mashine yenye kalamu inachora kilima kwenye karatasi. Kila kemikali ina mahali pake pa kupanda kilima. Kemikali ikiwa nyingi, kilima kinakuwa kirefu.

"Kwa hivyo inapimika," baba alisema.

Nikamwambia inapimika ndani ya chupa. Ndani ya kichwa cha mtu ni mambo mengine. Alitikisa kichwa kukubali, lakini nilimwona usoni kwamba alikuwa ameshika lile la kwanza, hili la pili ameliacha lipite.

Poda ya kaboni ya kununua ilitoka ng'ambo, na ya chuo ilikuwa imeisha kabla sijafika. Mwalimu wangu, mtu mpole aliyezoea kuishi bila vitu, akaniambia nivunje betri kuukuu za redio. Katikati ya kila betri kuna kijiti cheusi cha kaboni. Unakichomoa, unakisafisha kwa asidi, unakikausha, unakitwanga, kisha unachunga ile poda hadi upate iliyo laini kabisa, unaichanganya na mafuta mazito ya duka la dawa mpaka iwe uji mweusi wa kushindilia kwenye mrija. Kutwanga niliweza. Kuchunga kulinishinda. Nilikuwa nimevuta soksi ndefu ya nailoni juu ya mkebe wa mafuta ya kupikia, nikawa natikisa pale uani, mara nguvu, mara polepole, poda inanirukia usoni. Jumamosi moja baba akatoka nje akanitazama kwa muda.

"Lete hapa," akasema.

Alikaa kwenye stuli, akauweka mkebe kwenye kiganja cha mkono wa kulia. Hakufanya kitu kingine. Mkono ukatetemeka kama ulivyokuwa ukitetemeka siku zote, ule mtikisiko mdogo usiochoka, na poda ikaanza kupita kwenye soksi, laini, sawasawa, kama moshi unaoshuka. Alinitazama usoni.

"Wewe unatikisa," akaniambia. "Mimi nashikilia tu."

Tukacheka mpaka mama akaja mbio kutoka kwenye kibanda chake akidhani kuna msiba. Tangu aachishwe kazi sikuwa nimemsikia baba akicheka vile. Ikawa ndiyo kazi yake. Kila jioni akikaa pale na mkebe wake, na wapita njia wakimuuliza anachunga nini, aliwajibu, "Masomo ya huyu msichana." Wale vijana wa langoni walimbatiza jina la Profesa. Walidhani wanamtania, na yeye alilipenda jina lile.

Mama aliuza machungwa, nyanya na sukuma wiki kwenye kibanda kando ya lango, na kwenye kona ya meza alikuwa na odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo wanawake wajawazito hutafuna. Jioni akifunga kibanda alikuwa akimletea baba chungwa moja, lile bora la siku ile, ambalo alikuwa amelificha wateja wasilione. Alilimenya mwenyewe kwa kisu, ganda likitoka refu bila kukatika, akampa mkononi. Wazazi wangu hawakuwa watu wa kushikana mikono. Chungwa lile ndilo lililokuwa maongezi yao.

Sasa nieleze lilipoanza jambo lenyewe. Elektrodi zangu zilikuwa hazioni dopamini, na sababu ilikuwa vitamini. Vitamini ile ya kwenye machungwa na mboga za majani imejaa mwilini, na kilima chake hupanda karibu palepale panapopanda cha dopamini. Kinakuwa kikubwa, kinakifunika. Ni tatizo ambalo kila mtu wa fani yetu duniani alikuwa akilia nalo. Usiku mmoja mezani, nimechoka, nimerudi na karatasi zenye kilima kimoja kinene kisicho na maana, nikawaambia nyumbani. Nilichukua chungwa mezani nikalinyanyua.

"Adui yangu ni huyu," nikasema. "Hii vitamini inaificha dopamini kabisa. Ikiwepo hii, ile haionekani."

Mama akanikemea nisitukane biashara yake. Baba aliacha kutafuna. Chungwa lake la siku ile lilikuwa mkononi, nusu limeliwa, akaliweka kwenye sahani.

Kwetu magharibi mwa nchi, mwanamume akikataa chakula cha mkewe huwa hajakataa chakula. Amesema neno zito kuliko matusi, na neno lile likirudiwa, wazee wa pande zote mbili huitwa kulisikiliza. Baba alianza kwa kusukuma pembeni mboga. Ugali atakula, maharagwe atakula, chai ya maziwa atakunywa, lakini sukuma wiki ikibaki imeganda kwenye sahani, nyanya akizichambua kwenye mchuzi moja moja kwa ule mkono wake, kazi ya kutoa machozi kuitazama. Chungwa la jioni akilipokea, akishukuru, akisema atalila baadaye. Baadaye mama akikuta maganda. Kisha siku moja akawakuta watoto wa ploti chini ya dirisha letu, midomo inadondoka maji ya machungwa, na mkono wa baba unatokeza kati ya vyuma vya dirisha.

"Mimi nimekukosea wapi?" mama alimuuliza usiku ule. Chumba chetu cha pili kilitenganishwa na pazia, nilisikia kila kitu.

"Hujanikosea."

"Basi kula."

"Mwili haupendi, Mama. Ni mwili tu."

Nilijaribu kumsaidia mama. Nilimwambia ugonjwa ule huua pua, na pua ikifa chakula hukosa ladha, nilikuwa nimesoma. Alinisikiliza kama mtu anayemsikiliza karani. Kesho yake alianza kumwonjea. Akishapakua, alikuwa akichukua kijiko kwenye sahani ya baba, akila mbele yake, akimeza, akisubiri kidogo, ndipo akimsogezea. Hivyo ndivyo mpishi hufanya kwa mgeni asiyemjua, ili mgeni aone hakuna kilichotiwa ndani. Kumwona mama yangu akimwonjea mume wake wa miaka yote ile, kwenye meza yake mwenyewe, kulinichoma moyo. Na baba alielewa maana yake vizuri sana. Machozi yalimlengalenga. Na bado mboga hakuzigusa.

Katika siku hizohizo aliniletea chupa. Nilikuwa nimewahi kusema kwamba sura ya mwisho ya kazi yangu itahitaji sampuli ya mtu halisi, mkojo, kwa kuwa ndani yake hubaki dopamini kidogo. Alinikabidhi asubuhi, imefungwa kwa kitambaa safi.

"Hii ni safi," akaniambia. "Utaona mwenyewe."

Nilidhani anazungumzia chupa. Niliitia tone la asidi isiharibike, nikaiweka kwenye sehemu ya barafu ya friji ya maabara. Siku chache baadaye wanafunzi walirusha mawe barabarani, chuo kikafungwa, tukarudishwa majumbani, na chupa ikabaki kule.

Nilipokuwa nyumbani mchana kutwa ndipo nilipoona jinsi alivyokonda. Akisugua meno, mate yalikuwa yakitoka na damu. Miguuni alikuwa na vidoa vyekundu, na kidonda kidogo cha kisigino kilikuwa kimekataa kupona. Tukampeleka kliniki ya mtaa, mama akiwa amemshika upande mmoja, mimi upande wa pili. Daktari alimfungua mdomo, akamulika ufizi, akamgeukia mama.

"Huyu mzee anakula matunda? Mboga?"

Mama alikuwa ameyavumilia mengi hadi dakika ile. Mtu anauza machungwa kutoka asubuhi mpaka jioni, na anaulizwa mbele ya watu kama mume wake anakula matunda. "Muulize yeye," alisema, sauti ikamkatika. "Muulize kwa nini ameukataa mkono wangu. Labda wewe atakwambia."

 Baba alikuwa akitazama sakafu, mkono unatetemeka kwenye goti.

"Mtoto alisema machungwa yanaificha," akasema taratibu. "Ile dopamini. Alisema yakiwepo, haionekani. Nikaona nijisafishe, ili mashine yake ikinitazama, inione."

Daktari hakuelewa chochote, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeelewa yote kwa mara moja: watoto chini ya dirisha, nyanya zilizochambuliwa, kitambaa safi, neno safi. Nilichosema pale mezani kilikuwa kweli. Kilikuwa kweli ndani ya kikombe cha kioo chenye maji na chumvi. Yeye akakichukua akakitia kwenye mwili wake, akafunga kula kama watu wa kanisa letu wanavyofunga wakitaka kuonwa na Mungu.

Mama alicheka, kisha akalia, kisha akanigeukia mimi kwa hasira nisiyoisahau. "Wewe na kemia yako! Si ungemwambia!" Nami nikamjibu kwa hasira vilevile, kwamba nani angejua, nani duniani angefikiria kitu kama hicho. Tuligombana barabarani mpaka nyumbani, na baba katikati yetu akitembea hatua zake fupifupi, akisema poleni, poleni, kama yeye ndiye aliyepoteza kitu chetu.

Angalau mama alijua sasa hakukataliwa. Lakini moyo wa mtu haufunguki siku moja. Alikuwa ameshamkuta akidanganya kwa maganda, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Daktari alikuwa amesema ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, na dawa yake ni machungwa kila siku, mengi. Mama akawa anamwachia bakuli kando ya kitanda akienda kibandani. Akirudi anakuta maganda. "Umekula?" "Nimekula." Anamtazama, anatoka nje, anawauliza watoto wa ploti, wanakana wote kwa pamoja, na kwa jinsi watoto wanavyokana usingejua lolote. Kumeza kwenyewe kulikuwa kumeanza kumshinda baba, kila tonge alikuwa akilipigania. Mama alijiambia kwamba mtu asiyeweza kumeza uji hawezi kumaliza bakuli la machungwa. Nilimuuliza baba faraghani. Alisema anayafyonza polepole, mchana ni mrefu, hana kazi nyingine. Sikujua nimwamini au la.

Chuo kilifunguliwa, na mimi nikapata wazo kutoka kwenye meza ya mama. Nilikuwa nimesoma kwamba udongo wa mfinyanzi una matabaka membamba mno, na kwamba matabaka hayo yana chaji inayoivuta dopamini na kuifukuza vitamini. Udongo wa kuagiza hatukuwa nao. Nikachukua odowa. Nikaisaga, nikaiosha, baba akaichunga kwa soksi yake, ingawa sasa ilibidi mkebe nimfungie kwenye kiganja kwa kitambaa kwa sababu vidole vilikuwa havishiki. Nikaichanganya na ule uji mweusi. Miaka ya baadaye watu wa fani yetu waliupa mchanganyiko wa aina ile jina refu la nanokompositi, na wakautengenezea mikutano. Sisi tulikuwa nao kwenye mkebe wa mafuta.

Ukafanya kazi. Katika maji ya maabara kalamu ilipanda kilima kidogo, ikashuka, ikapanda cha pili. Viwili, kila kimoja peke yake. Nilichana karatasi nikakimbia nayo nyumbani, nikamwekea baba mkononi. Karatasi ikaanza kutetemeka naye.

"Tulia basi nikuone," aliiambia karatasi. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona.

Nikamwonyesha kilima cha vitamini na kilima cha dopamini, nikamwambia sasa hakuna kinachofichwa, unaweza kula utakavyo. Alifurahi sana. Asubuhi iliyofuata akanipa chupa nyingine, bila kitambaa safari hii. "Chukua na hii," akasema. "Ya kwanza nilikuwa nimefunga. Hii nimekula. Zipime zote mbili uone tofauti." Niliiweka kwenye barafu pamoja na ile ya kwanza. Nilitaka kwanza elektrodi ya udongo iwe imara ndipo nizipime. Sampuli zilikuwa ndogo, na kwa macho yangu hakukuwa na vitu vya thamani kuliko hizo kwenye jengo lile zima.

Wiki ile kifua kilimshika. Chakula kilikuwa kikimpotea njia, kinaingia kwenye mapafu, ndivyo ugonjwa ule unavyowamaliza wengi. Siku ya mwisho nilikuwepo asubuhi. Mama alikuwa amevaa leso tayari kwenda kibandani, akaona bakuli la jana limebaki maganda matupu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo wewe," mama alisema. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kwa uchovu, akiokota maganda, akatoka. Alipoitwa kutoka kibandani saa za mchana, baba alikuwa ameshanyamaza.

Tulimzika nyumbani magharibi. Kwetu mjane huzungumza na marehemu wazi mbele ya watu, anamlaumu, anamsifu, anamuuliza, na waombolezaji huitikia. Mama alizunguka jeneza mikono kichwani akimuuliza swali moja tu. "Ulikula? Niambie, ulikula? Au uliniacha na mkono wangu hivi?" Waombolezaji waliitikia kama wanavyoitikia maombolezo yote. Walidhani ni maneno ya msiba. Mimi peke yangu nilijua kwamba alikuwa akiuliza swali na kwamba alitaka jibu.

Nilirudi maabara nikakuta chupa mbili kwenye friji, zenye mwandiko wangu. Nilizitazama siku nyingi bila kuzigusa. Nilipozitoa, nilianza na elektrodi ya udongo, ile nzuri, nikitafuta dopamini ya baba yangu. Kulikuwa na kinundu kidogo. Mwalimu wangu alikiinamia kwa muda mrefu, akasema kwa upole wake kwamba mkojo una mambo mengi, kinundu kile kinaweza kuwa chochote, na kwamba hawezi kuniruhusu kukiandika kama dopamini. Alikuwa na haki. Baba yangu alijinyima, akavuja damu mdomoni, ili aonekane, na mimi mtoto wake siwezi hata leo kuapa kwamba nilimwona.

Nilikaa pale maabara nikalia bila haya. Halafu, sijui kwa nini, labda kwa sababu mikono ilitaka kufanya kitu, nikaiweka elektrodi ya udongo pembeni nikachukua ile ya zamani, ya kaboni tupu aliyoichunga kwanza, ile isiyoweza kufukuza vitamini. Nikapima chupa ya kwanza. Mahali pa vitamini kalamu ilipita karibu bila kuinuka. Nikapima ya pili. Kalamu ikapanda ikaendelea kupanda mpaka ikagonga ukingo wa karatasi. Nilipunguza kipimo cha mashine, nikarudia. Nikatia tone la vitamini halisi, na kilima kilekile kikaongezeka. Mwalimu alinikumbusha kwamba vitamini ile huharibika ikikaa, na chupa ya kwanza ilikaa zaidi. Ni kweli. Lakini ya pili nayo ilikaa, na bado ilikuwa imejaa.

Mama nilimkuta kibandani. Alikuwa amerudi kwenye biashara, ila machungwa hakuyaweka tena mezani. Nilitandika karatasi juu ya nyanya, yenye mistari miwili.

"Yeye mwenyewe yuko wapi hapa?" aliuliza.

"Yeye sikumpata, Mama. Sina hakika."

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba alikuwa ametarajia hivyo. Akaweka kidole penye kilima kikubwa. "Na huu mlima?"

"Hayo ni machungwa yako. Huu mstari wa chini ni wakati ule alipokuwa akikataa. Huu wa juu ni mwisho. Mwili ukipata ya kutosha, yanayozidi unayamwaga. Mtu asiyekula hawezi kuwa nayo hivi. Aliyala, tena mengi, siku nyingi."

"Hiyo mashine haiwezi kudanganya?"

"Inaweza. Ndiyo maana nilirudia."

Kidole chake, cheusi kwa utomvu wa mboga na udongo wa odowa, kilipanda kile kilima taratibu hadi juu, kikashuka upande wa pili. Alirudia tena, kutoka chini.

"Basi alikula," alisema.

"Alikula, Mama."

Mwanamke mmoja mjamzito alisimama mbele ya kibanda akitaka odowa, na mama hakumwona. Alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili.

"Na mimi nikamwita mwongo," alisema, akainama juu ya nyanya zake akalia kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya lango, na vijana waliokaa kwenye mawe wakanyamaza.